Walipoacha Kubishana Kitandani kwa Kolin

Nyie wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi sasa mnanichekesha mkinambia kazi yetu ya zamani ilikuwa nyepesi kwa sababu mashine zilikuwa chache. Nyepesi kwa nani? Dripu tulikuwa tukilitizama tone kwa tone, jicho kwenye saa, huku mgonjwa wa kitanda cha pili anakwita, na jamaa wa kitanda cha tatu wameshawasili ukoo mzima na birika la kahawa na bakuli la halwa. Leo mashine ikilia ndiyo mnakwenda. Enzi zetu mashine ilikuwa mie.

Mmenitaka nikwambieni nilichojifunza. Haya, nitasema, lakini sitoanza na sindano. Sindano mtafunzwa na walimu wenu. Nitaanza na mpira, tena si huu mnaoutizama nyie. Ni mpira wa Waaustralia, umbo lake kama yai lililobanwa, na wanauchezea kwa mikono na miguu. Mie Raya, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Maskati, niliujua mchezo ule barabara bila ya kukanyaga kwao hata siku moja. Niliujulia wodini, na bora nisingeujua kwa njia ile.

Kwanza mjueni Bi Thuwaiba, maana bila yeye hamtonifahamu. Huyu alikuwa sista mkuu wa wodi yetu, mtu wa Unguja kama mie, mfupi, mnene, na viatu vyake havitoi sauti. Harufu ya udi wake ndiyo ilikuwa ikitangulia, na ukishaisikia ujue umeshachelewa kuficha ulichokuwa ukificha. Tulikuwa na mzee mmoja wa sukari, katokea Nizwa, watoto wake wakampenyezea halwa ndani ya foronya ya mto. Bi Thuwaiba kaingia, kanusa zafarani na maji ya mawardi kutoka mlangoni, kaenda moja kwa moja kwenye mto. Hakugomba. Alivuta kiti, akaila ile halwa yote mbele ya mzee, kipande kwa kipande, kisha akamshukuru kwa ukarimu wake. Mzee hakurejea tena mchezo ule, na nadhani mpaka anakufa hakumsamehe.

Yeye ndiye aliyenifunza kupasha moto mikono kabla ya kumgusa mtu. Ndiye aliyenifunza kutizama visigino vya mgonjwa kila asubuhi, kwa sababu kidonda cha kulala huanzia pale ambapo hakuna anayetizama. Na ndiye aliyenifunza kuwa mgonjwa asiyetaka kula usimbembeleze kwa kijiko. Mtafutie mtu wa kubishana naye. Akipanda jazba, mdomo unafunguka, nawe unapenyeza uji. Mambo haya nnayafanya mpaka leo kwa wajukuu zangu.

Lakini alikuwa na sharia moja kubwa kuliko zote: mgonjwa habebeshwi mizigo miwili. Maradhi ni mzigo, basi usimuongezee khabari ya maradhi yake. Khabari mbaya wanaambiwa jamaa, nje, mlangoni, nao wanafuta nyuso zao kisha wanaingia ndani wanacheka. Msimcheke Bi Thuwaiba, maana ndivyo tulivyolelewa sote. Shangazi yangu alipopasuliwa, kaka yake alifariki Unguja wiki ile ile, na sisi hapa Matrah tulimficha mpaka mshono ulipokauka. Kila siku anauliza, "Hamad hajapiga simu?" nasi tunamjibu laini mbovu. Alipokuja kujua alilia, lakini hakutulaumu. Angefanya vivyo hivyo yeye.

Sasa Kolin. Alikuja kwetu katika miaka ya tisini, joto ndiyo linaanza, ngozi imekuwa manjano na macho manjano. Alikuwa mrefu hata kitanda hakikumtosha, tukawa tunaweka kiti mwisho wa kitanda na mto juu yake ili miguu ipate pa kulala. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi za barabara huko ndani majabalini, na alishakaa Omani miaka mingi. Hana mke, hana mtoto. Ana mama tu, mtu mzima sana, anaishi Australia katika mji mdogo wa wakulima wa ngano. Nyumba ya mama yake inatizamana na uwanja wa timu ya mji ule. Kolin alinihadithia kuwa siku za mechi watu huegesha magari kuuzunguka uwanja, na kila timu yao ikifunga hupigwa honi zote kwa pamoja. Mama yake hukaa barazani kwake anafuma, na kwa honi tu anajua nani anashinda.

Rafiki yake alikuwa Glen, amekua naye mji huo huo na wamesoma skuli moja, na hapa Maskati wanafanya kazi pamoja. Glen alikuwa akikaa Qurum, kifua kipana, sauti ya kuitia meli. Kila Jumamosi mdogo wake Glen humpigia simu kutoka kwao, kwa sababu huko mechi ya timu ya mji wao imeshakwisha huku sisi tungali mchana. Jioni Glen akitoka kazini anakuja wodini na khabari zote, na mara nyengine anakuja na wenzao wawili watatu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Na msafiri yeyote akitoka likizo alikuwa akipewa kanda ya video ya mechi za nyuma awaletee. Walileta televisheni yao wenyewe chumbani. Bi Thuwaiba alikataa, kisha akakubali, kisha nikamkuta kasimama mlangoni anatizama, ati anakagua usafi.

Mchezo wenyewe ni wazimu, wanangu. Uwanja una umbo la yai. Kila upande nguzo nne, mbili ndefu katikati, mbili fupi pembeni. Ukiupitisha baina ya zile ndefu unapata pointi sita, ukipita pembeni moja, kama kifuta jasho. Mtu ana rukhsa ya kumpanda mwenzake mabegani ili audake mpira juu, na akiudaka, wote wanasimama anapewa nafasi yake apige. Kuurusha kwa mkono hawawezi, lazima waupige ngumi. Haya yote alinifunza Kolin juu ya trei yangu ya dawa, pamba ndiyo timu yao, vifuniko vya chupa ndiyo maadui. Walikuwa na mchezaji mmoja mrefu sana anayesimama karibu na nguzo, nikampa jina la Ngongoti, kama wale wachezaji ngoma wanaotembea juu ya miti, na Wazungu wale wakalichukua jina hilo wakawa wanamwita hivyo hivyo.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja, kila Jumamosi. Kolin alikuwa akisema mpira upigwe mrefu, upite katikati ya uwanja, umfikie Ngongoti, basi. Glen alikuwa akisema huo ni mchezo wa babu zao, siku hizi mpira hupitishwa pembeni, ngumi fupi fupi, mtu kwa mtu, mpaka adui achoke. Wakishinda, Glen anahadithia kila teke, nani kalipiga, kwa mguu gani, upepo ulikuwa unatokea wapi. Wakishindwa ndiyo haondoki kabisa, wanalaumiana wao kwa wao kana kwamba walikuwa uwanjani. Timu ilikuwa ikifungwa sana miaka ile, masikini, na wao walikuwa na mengi ya kusema. Mie nilikuwa nakaa pembeni na bakuli la supu. Kila Kolin alipofungua mdomo kumjibu Glen, mie nilikuwa tayari na kijiko. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akila.

Madaktari nao walikuwa na ugomvi wao. Mmoja Mmisri, mmoja Mhindi, watu wazima wote wawili na wanaheshimiana, lakini wakifika kitandani kwa Kolin hawakubaliani. Huyu anataka kupasua, yule anataka kwanza wafungue njia ya nyongo. Wanabishana kwa Kiingereza, juu ya kichwa chake, na Kolin anawasikiliza kwa raha. Alikuwa akinambia kuwa na wao wana mtu wa katikati na mtu wa pembeni.

Kisha picha za tumbo zilirudi. Ilikuwa saratani ya kongosho, na imeshatambaa mpaka kwenye ini. Daktari Mmisri alimwita Glen nje kwa sababu ndiye aliyekuwa badala ya ndugu, na Bi Thuwaiba akasimama nao. Glen alitoka pale uso umekuwa mweupe kama shuka. Aliuliza atamwambiaje mwenziwe. Bi Thuwaiba akamueleza ile sharia, kwa huruma kabisa, kamshika na mkono wa shati: mwache apate nguvu, usimvunje moyo, akiuliza mwambie inshallah. Na Glen, mtu ambaye kwao nadhani mambo haya huelezwa waziwazi, alikubali upesi. Nilimuona alivyoshusha pumzi. Wallahi, nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kumpa rukhsa asiseme.

Wiki ile Kolin alimuuliza. Mie nilikuwemo chumbani, nabadilisha dripu.

"Glen, nambie kweli," alisema. "Kama wakati wangu ni mdogo, nitaondoka sasa hivi nikakae na mama. Bado naweza kutembea. Naweza kupanda ndege."

"Una wakati tele," Glen akamjibu. "Ukipona tutakwenda pamoja, msimu ujao."

Nilimtizama Bi Thuwaiba aliyekuwa mlangoni, naye akanitizama, na kwa Kiswahili akanambia nimalize dripu nitoke. Kolin akafumba macho karidhika. Alibaki Maskati kwa neno lile.

Miezi ikaenda. Nje lami inayeyuka kwa joto, na kwenye kanda za video za kina Glen kule kwao tope na baridi, watu wamevaa makoti. Timu yao ikaanza kushinda, hakuna aliyejua kwa nini, na kila mmoja akadai kuwa ndiyo ile mbinu yake. Ikashinda na kushinda mpaka ikaingia fainali, kitu ambacho hakijatokea tangu Kolin na Glen watoto. Na huku mwili wa Kolin unakwisha. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, mikono imekuwa mifupa mitupu. Nilikuwa nikimgeuza kila mara kwa hofu ya visigino vyake, na alikuwa mwepesi kumgeuza kuliko mtoto.

Siku ya fainali Glen alikuja mapema, akasimama kwenye meza yetu wauguzi. Mdogo wake alikuwa ameshapiga simu. Walikuwa wamepigwa vibaya, hata Ngongoti hakuupata mpira. Glen alikuwa na machozi kabisa, jitu zima lile, na mie nilijua halii kwa ajili ya mpira.

Bi Thuwaiba akamwambia, "Mwambie wameshinda. Itamdhuru nini? Muache afurahi."

Nilitaka kusema neno, sikusema. Sista mkuu keshasema, na mie nani? Glen akatoka, akarudi na keki kutoka dukani na wenzao wawili nyuma yake, wakaingia chumbani wanapiga makofi. Tumeshinda, tumeshinda. Kolin akacheka. Akauliza wameshinda kwa ngapi, Glen akamtajia hesabu ya uongo. Akauliza mpira ulipita katikati au pembeni. Glen akasema popote, wote wamecheza vizuri. Akauliza Ngongoti je? Vizuri, vizuri sana. Kisha mtu anakata keki, mtu anatizama dirisha. Mie nimekaa na bakuli langu la supu, nangoja ugomvi uanze nimlishe, na ugomvi haukuanza. Wakaaga mapema. Supu ikapoa.

Asubuhi yake namuosha uso, akanishika mkono.

"Sista Raya," alisema, "tumefungwa, siyo?"

Nikaichovya taulo majini. Akaniambia nisihangaike kutafuta uongo. Yeye anamjua Glen tangu wote hawana meno ya mbele. Glen akishinda anahadithia teke moja moja mpaka ukimbie, na jana hakuhadithia hata moja. Akavuta pumzi kwa shida.

"Madaktari nao walikuwa wakigombana hapa," akasema. "Sasa wanakuja, wananipiga kofi mguuni, wanacheka, wanakwenda zao. Na nyie wauguzi mkitoka mlangoni mnaanza Kiswahili. Lini waliacha kubishana, sista?"

Taulo ilikuwa mkononi mwangu, maji yananidondokea viatuni. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia waliacha tangu joto linaanza, tangu picha zilipokuja.

Hakupiga kelele. Aligeuza uso upande wa ukuta, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa bado natembea." Basi, hayo tu. Nimeona watu wengi wakifa katika kazi hii, nimewafunga macho kwa mkono wangu huu, na hakuna neno lililoniuma kama lile.

Bi Thuwaiba alinigombeza siku ile mpaka mate yakamkauka. Kisha sote tukaanza kukimbia huku na huku kumtafutia ndege. Shirika la ndege lilitaka machela, lilitaka daktari wa kufuatana naye, na madaktari wetu wakasema waziwazi kuwa hafiki, tumbo lile haliwezi kupanda juu. Glen alikuwa akienda kila ofisi na kurudi. Kolin hakumtukana. Wiki nzima alikataa tu kuzungumza naye mpira, na hiyo kwa Glen ilikuwa adhabu kubwa.

Hatimaye kanda ya fainali ikaletwa na mtu aliyerudi likizo. Glen akaingia nayo kaishika kwa mikono miwili, kasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Kolin akamwambia aiweke. Waliitizama yote, mwanzo mpaka mwisho, timu yao ikipigwa na kuzidi kupigwa, na honi za maadui zao zikilia. Nusu ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Kisha Kolin akainua kidole, akasema, unaona, wamepita pembeni tena. Glen akafuta pua. Akasema pembeni ndiyo palikuwa pazuri, tatizo upepo. Upepo? Upepo gani? Na hapo wakashikana kwa maneno, yule hana sauti, huyu analia anajibu, na mie nikavuta kiti changu na bakuli. Alikula vijiko vingi kuliko nilivyotegemea. Bi Thuwaiba alikuwa mlangoni, na safari hii hakusingizia usafi.

Kolin alifariki siku chache baadaye, Glen yupo. Alisafiri kwenda kwao kwenye sanduku.

Baada ya maziko mama yake alipiga simu wodini kutushukuru. Bi Thuwaiba ndiye aliyeipokea, mie nimesimama karibu yake, na sauti ya yule bibi ilikuwa ikisikika wazi hata nje ya mkono wa simu. Alishukuru kwa adabu sana. Kisha akauliza swali moja. Aliuliza kwa nini mwanawe hakurudi nyumbani pale alipokuwa bado ana nguvu za kutembea, maana chumba chake alikuwa keshakitandika. Bi Thuwaiba, mwanamke ambaye sikupata kumuona akikosa jibu mbele ya daktari wala waziri, alifungua mdomo, akaufunga. Mwisho akasema, "Nisamehe, mama." Akaiweka simu, akaingia stoo ya mashuka, akajifungia. Ile sharia yake ya mizigo miwili sikuisikia tena kinywani mwake, wala hatukuizungumza.

Mnaniuliza je, mgonjwa aambiwe kila kitu? Sijui, wanangu. Wengine hawataki kujua, na hiyo ni haki yao, utawaona wenyewe wanavyogeuza mazungumzo. Wengine wanataka, ila hawataki wasikie kutoka kwako. Nnalolijua ni hili: mkikaa pale kitandani, sikilizeni. Mtu akikuulizeni mara moja kwa utulivu, ameshajiuliza mwenyewe mara nyingi kabla yenu, na pengine ana safari anayoipima.

Miaka ikapita. Bi Thuwaiba alistaafu, na mie nikashika nafasi yake. Katika miaka ya elfu mbili akaletwa kwetu, kwenye wodi ile ile aliyoitawala, kakonda, udi wake hausikiki. Madaktari walikuwa wengine, vijana, wakabishana juu yake kama kawaida yao, kisha majibu yakaja. Watoto wake watu wazima walinivuta nje, mlangoni, pale pale alipokuwa akisimama yeye. Wakaniapisha. Usimwambie mama, Bi Raya, utamuua.

Nikaingia. Nikapasha moto mikono yangu, nikamtizama visigino, na alikuwa akinifuata kwa macho, anakagua kama nnafanya sawa.

"Raya," akasema, "bado wanabishana?"

Nikauvuta mkono wake nikauweka mapajani mwangu.

"Hapana, Bi Thuwaiba. Wameacha."

Midomo yake ikawa inasoma kitu. Kisha akanambia nimtafutie buibui lake.

"Nipelekeni kwangu Matrah leo," akasema, "nami bado natembea."